Chupa ya Lukwambe

Palikuwa na nchi, na mpaka leo ipo, ila jina lake hatulitaji kwa sababu hubadilishwa kila anapoteuliwa Waziri mpya wa Habari, na hatupendi kumsumbua msomaji. Ni nchi nzuri mno. Mvua yake hunyesha kwa ratiba, na isiponyesha, ratiba husahihishwa. Rangi ya taifa ni zambarau.

Siku moja wafadhili waliipa Wizara ya Maji, Sherehe na Utulivu vifaa vya kupimia maji ya visima na vijito. Vilikuja katika masanduku kumi na moja ya bati, na siku ya kuvipokea shule zilifungwa ili watoto wapate kupunga vibendera. Mlikuwa na utepe mrefu wenye kengele ndogo, ambao ukiteremshwa kisimani hulia mara unapogusa maji. Mlikuwa na pangaboi dogo linalozungushwa na mkondo ili ijulikane mto unakwenda kasi gani. Mlikuwa na kipima uchachu cha kushika mkononi, mirija ya kuvuta maji kutoka chini ya ardhi, chupa za kioo kwa ajili ya sampuli na makasha ya barafu ya kuzisafirishia.

Waziri alisimama juu ya sanduku mojawapo akahutubia.

"Ndugu wananchi! Kwa miaka mingi maadui zetu wamesema hatujui tuna maji kiasi gani na ya namna gani. Leo tumewafunga midomo. Vifaa vya kujua tunavyo! Kujua kwenyewe kutafuata kwa awamu!"

Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawauma. Waziri akaagiza vifaa vile vitunzwe kama mboni ya jicho, na watumishi wa Wizara, ambao hawapendi kuagizwa mara mbili, wakatoa waraka siku ileile: ni marufuku kuvilowanisha. Vikaingizwa katika kabati la kioo pale ukumbini, na kila Jumatatu vilifutwa vumbi.

Aliyekuwa akisimama mbele ya kabati hilo kila asubuhi kabla ya kwenda mezani kwake aliitwa Stamili Ngaweje, fundi sanifu wa maji. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amepima visima vya Machombe, mji mdogo alikozaliwa, kwa kamba yenye mafundo na jiwe lililofungwa mwishoni. Ndiyo kwanza alikuwa amehamishiwa makao makuu. Aliutazama ule utepe wa kengele kama mtu mwenye njaa anavyotazama sinia la wenzake.

*

Mwaka huo ulikuwa wa Jubilei ya Miaka Hamsini ya Utulivu, na kila idara ilitakiwa kupeleka kitu kwenye maonyesho. Ndugu Lameki Kihongole, Mkurugenzi wa Maji Yanayoonekana, alimwandikia Stamili dokezo la mstari mmoja: aende akachukue sampuli ya kijito cha Lukwambe.

Pale Wizarani kila mtu alifahamu maana ya maneno hayo. Unachukua chupa, unakwenda kwenye bomba lililo nyuma ya kantini, unajaza, unabandika karatasi yenye jina la mto unaotakiwa. Ndivyo mito yote ya nchi ile ilivyokuwa safi kwa usawa. Lakini Stamili alikuwa mgeni, na hakuna aliyekumbuka kumweleza, maana nani humweleza mtu mzima jambo la wazi kama hilo? Akatia sahihi ya ufunguo, akafungua kabati, akaomba gari, akaenda Lukwambe.

Lukwambe ni kijito kinachopita mlangoni kwa mama yake, Bi Sikudhani, kule Machombe. Juu yake, mwendo wa saa mbili kwa miguu, kimejengwa kiwanda cha shemeji wa Mheshimiwa Sana, mkuu wa nchi, kinachotia rangi vitambaa vya Jubilei. Stamili alifika darajani, chini kidogo ya kiwanda, akakuta maji ni ya zambarau. Habari hiyo haikuwa ngeni. Redio ilikwisha eleza mara kadhaa kwamba maumbile yenyewe yameamua kushiriki sherehe.

Alifanya kazi yake kama alivyofundishwa chuoni. Aliingia majini akiukabili mkondo ili asitibue tope. Aliisuuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale ya mto, kisha akaizamisha na kuijaza pomoni, asiache hata kipovu cha hewa. Aliandika mahali, saa na jina lake. Halafu akachovya kile kipima uchachu, na tarakimu, ambazo hushuka kadiri uchachu unavyozidi, zikashuka, zikashuka tena, zikapita kiwango cha siki na kutulia mahali ambapo hakuwahi kuziona katika maji ambayo watu huchota.

Miguu yake ilianza kuwasha. Akatoka haraka na kujifuta kwa kanga. Alitamani kuteremka hadi kwa mama yake, lakini barafu ilikuwa inayeyuka na dereva alikwisha washa gari. Akajisemea moyoni kwamba kesho kutwa majibu yatakuwa yametoka, watu watakatazwa kuchota, na Jumamosi atakwenda mwenyewe kumsalimia. Kosa hilo alilikumbuka kila siku baada ya hapo.

*

Pamoja na vifaa, wafadhili walikuwa wameleta karatasi moja iitwayo Hati ya Mkono kwa Mkono. Ilikuwa na nafasi mbili tu: anayekabidhi atie sahihi, anayepokea atie sahihi, ili ijulikane wakati wote sampuli iko kwa nani na hakuna aliyeichezea. Wizara iliiona karatasi hiyo kuwa pungufu, ikaiongezea vifungu arobaini.

Stamili aliibeba chupa hadi maabara kwa Bwana Teofili, Mkemia Mkuu. Bwana Teofili alipoiona tu, alitia mikono yote miwili katika mifuko ya koti lake jeupe.

"Dada Stamili, hiyo chupa mimi siioni."

"Bwana Teofili, si hii hapa mbele yako?"

"Kama Teofili naiona. Kikazi siioni." Akasogea karibu na kushusha sauti. "Dada yangu, hebu soma hapo kwa mpokeaji. Panasema niandike rangi. Nikiandika zambarau, nimeikosoa rangi ya taifa. Nikiandika safi, siku mtu akifa nitaulizwa. Mimi nina watoto. Kwani bomba la kantini limeharibika?"

Stamili akaenda kwa Ndugu Kihongole. Mkurugenzi alimpokea kwa bashasha, akamkaribisha kiti, kisha akaeleza kwa masikitiko makubwa kwamba yeye ni wa Maji Yanayoonekana, na maji yakishatiwa chupani na kufunikwa, kisheria hayaonekani tena. Akaelekezwa ghorofa ya tatu kwa Mkurugenzi wa Maji Yasiyoonekana, ambaye hushughulika na visima. Huyo naye akasema kwamba maji yaliyokwisha kuonekana hata mara moja hayawezi kurudi kuwa yasiyoonekana, na kwamba angefanya hivyo angekuwa anapora madaraka ya mwenzake.

Ilipofika saa tisa na nusu Stamili alichoka, akataka kwenda nyumbani na chupa yake. Langoni akakutana na Bwana Yusto, karani wa masjala, mzee mpole aliyezijua kanuni zote kwa moyo na hakuwahi kumtakia mtu mabaya.

"Samahani sana, mwanangu. Kifungu cha tisa: mwenye sampuli haiweki chini wala hatoki nje ya lango mpaka apatikane wa kuipokea."

"Basi nitaimwaga."

"Kuimwaga ni hujuma. Miaka saba."

"Basi niruhusu nipige simu Machombe, niwaambie watu wasinywe yale maji."

"Kifungu cha kumi na nne: mwenye sampuli haruhusiwi kumweleza yaliyomo mtu yeyote ambaye hajatia sahihi." Bwana Yusto alifungua ukurasa ili Stamili ajionee mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. "Na kifungu cha ishirini: maji yote ya nchi ni salama mpaka sampuli ipokewe. Hivi sasa yale maji ni salama kabisa. Ukisema vinginevyo utakuwa mzushi."

Akapewa chumba pembeni ya masjala, godoro, na mto wa kichwani wenye nembo ya Jubilei.

*

Wizara haikumtesa. Jambo hili ni lazima tuliseme, maana wapo wanaopenda kuipaka matope. Barafu ya kasha ilibadilishwa kila asubuhi bila kukosa. Chakula kililetwa kutoka kantini, na maji ya kunywa yalikuwa ya chupa kutoka nchi jirani, kwa sababu watumishi wa Wizara ya Maji hawanywi maji mengine. Kwa kuwa chupa haikuruhusiwa kuwekwa chini, Stamili aliifunga kwa kanga pamoja na kasha lake akalibeba mgongoni. Alipooga alilishika juu kwa mkono mmoja. Alipolala alilikumbatia, na ubaridi wake ukamwingia mbavuni.

Wiki ya kwanza aliandika barua tisa. Wiki ya pili akajibiwa kwamba barua zake zimepokewa, kwani barua hazina tatizo. Wiki ya tatu alianza kuwasimamisha wageni ukumbini na kuwaomba watie sahihi, nao walicheka kwanza, waliposoma wakaacha kucheka, wakakumbuka wana shughuli.

Usiku na mchana alimwaza mama yake. Kila alipofumba macho alimwona akiteremka na ndoo.

Wiki ya nne aliruhusiwa kupiga simu, Bwana Yusto akiwa ameketi pembeni na daftari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Mbona kimya? Tangu wakuone darajani, Jumamosi nne nakungoja, nimechinja kuku mpaka nimewamaliza. Tena waliobaki wamekufa wenyewe."

Stamili alimtazama Bwana Yusto. Bwana Yusto alikuwa akiandika: mama, kuku.

"Kazi zimenibana, mama. Wewe hujambo?"

"Mimi sijambo, mikono tu inawasha. Si haya maji ya sikukuu? Tumeambiwa ni baraka. Watoto wa jirani matumbo yanawasumbua, lakini si unajua watoto."

Stamili aliuma mdomo. Machozi yalimtoka, na kwa kuwa mkono mmoja ulishika simu na mwingine kasha, yaliteremka mpaka shingoni.

"Mama, unakikumbuka kile kisima cha marehemu baba, kule shambani?"

"Kile cha vyura? Kimefanya nini?"

"Nakikumbuka tu. Maji yake yalikuwa matamu. Nimeota unachota kule. Nimeota kila siku unachota kule, mama, wala hugusi kwingine."

Upande wa pili ilisikika ndoo ikiwekwa chini.

"Kule ni mbali, mwanangu," mama yake akasema polepole. "Na magoti yangu haya."

Muda ukaisha. Bwana Yusto aliandika: ndoto, mambo ya kifamilia, hakuna siri iliyotoka. Akafuta miwani yake kwa muda mrefu.

*

Siku ya maonyesho ya Jubilei banda la Wizara liliwashinda wengine wote. Sampuli ya Lukwambe iliwekwa katikati, chini ya taa. Tatizo lilikuwa kwamba haikuruhusiwa kuwekwa chini wala kuachiwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amekonda na kuchakaa kiasi cha kuharibu mandhari. Ndugu Kihongole alitatua jambo hilo kwa akili nyingi: ilitundikwa pazia la zambarau lenye tundu, na Stamili akasimama nyuma yake akipitisha mkono. Wageni waliona chupa nzuri ikiwa imeshikwa na mkono wa mwanamke, na wengi waliusifu mkono huo.

Waziri alifika akifuatana na waandishi wa habari. "Tazameni rangi hiyo!" alisema. "Nani sasa atasema kwamba maji yetu hayana uzalendo?"

Nyuma ya pazia Stamili aliamua liwalo na liwe. Alivuta pumzi na kupiga kelele kwamba yale ni sumu, watu wanayanywa, mama yake anayanywa. Lakini bendi ya tarumbeta ilikuwa imeelekezwa kuanza mara tu pazia litakapotikisika, na ilianza. Kesho yake alikabidhiwa cheti cha Mtunzaji Bora wa Sampuli. Alikipokea kwa meno.

*

Wiki ya saba, asubuhi, mlinzi alikuja kusema kuna mama mmoja langoni amekataa kuondoka. Alikuwa Bi Sikudhani. Alikuwa amesafiri siku mbili, na kwenye kikapu alileta mihogo ya kuchoma, imeshapoa. Stamili alitaka kumkumbatia, akakosa pa kuliweka kasha. Mama yake ndiye aliyemkumbatia, kasha likiwa katikati yao.

Ndipo alipoiona ile mikono. Ilikuwa imebabuka hadi kwenye viwiko, na ngozi iliyobaki ilikuwa zambarau iliyokolea.

"Mama!"

"Nyamaza kwanza." Bi Sikudhani alimgeukia Bwana Yusto. "Baba, wamenieleza hapo langoni kwamba huyu hatoki mpaka mtu atie sahihi. Mtu gani?"

Bwana Yusto alifungua kanuni na kuzipitia kifungu kwa kifungu, kidole kikitembea chini ya mistari. Alichukua muda. "Raia mwenye akili timamu," alisema mwishowe, naye mwenyewe akashangaa. "Haikuandikwa awe mtumishi. Nadhani hawakutarajia kama atatokea mwingine."

"Mimi ni raia, na akili ninazo. Lete."

"Mama, usitie!" Stamili alirudi nyuma hadi ukutani. "Ukitia sahihi utabaki wewe. Hutatoka hapa!"

"Nimebeba watoto sita mgongoni, nitashindwa na chupa? Nipe."

Bwana Yusto alieleza utaratibu kwa heshima zote. Mpokeaji alipaswa kwanza kueleza sampuli ni maji gani, kwa maneno yake mwenyewe. Bi Sikudhani aliichukua chupa, akaiinua usawa wa macho ya karani.

"Haya? Haya ndiyo maji ya mlangoni kwangu. Ndiyo haya mnayotunywesha, sisi na wajukuu zetu. Andika hivyohivyo."

Bwana Yusto aliandika. Nafasi ya maelezo ilikuwa ndogo, haikutosha sentensi nzima, kwa hiyo aliandika kilichoingia: maji ya kunywa. Kisha akageuka kutafuta kidau cha wino, kwa kuwa Bi Sikudhani hakujua kuandika. Aliporudi nacho alikuta dole gumba limekwisha bonyezwa pale panapotakiwa, na alama imetoka zambarau, safi kabisa, kila mstari wa kidole ukisomeka.

Sasa Bi Sikudhani alikuwa mtu aliyetia sahihi, na Stamili hakuzuiwa tena kumwambia. Maneno ya wiki saba yalimtoka yote kwa mkupuo. "Mama, ile ni sumu. Kiwanda kinamwaga sumu. Msinywe, msipikie, msiogee, watoto wasiguse!"

"Najua, mwanangu. Siku ile ya simu nilijua. Hujawahi kuota kisima maisha yako yote." Bi Sikudhani alifunga kasha mgongoni, akalitikisa kidogo likae sawa. "Tangu siku ile ya kunywa nachota kule kwa baba yako, ya kufulia magoti yamekataa. Nimewaambia majirani, wananiona mzee nimechanganyikiwa, nasema vibaya mambo ya Jubilei. Lakini wewe umesoma. Wewe una vyombo. Wewe watakusikiliza. Basi nenda, usikae hapa unalia. Huku mimi nitakunywa maji ya chupa."

Stamili alipiga magoti akaishika ile mikono, akailaza usoni mwake. Bwana Yusto alitazama dirishani mpaka walipomaliza. Halafu akamfungulia lango.

*

Basi lilichukua siku mbili. Njiani Stamili alipanga atakavyosema: ataanza na nyumba ya kwanza kabisa ya juu, atapita kila mlango, atawaeleza kuhusu tarakimu zilizoshuka kupita siki. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki saba mikono yake ilikuwa mitupu, na hakujua aiweke wapi.

Alifika Machombe asubuhi ya siku ya tatu. Wanawake walikuwa kijitoni na ndoo zao, na juu ya jiwe palikuwa na redio. Stamili alikimbia na begi lake begani, akaingia majini na viatu, akainua mikono kuwazuia.

"Jamani, msichote! Nimeyapima mwenyewe! Yana sumu!"

Walimtazama kwa huruma. Walimfahamu tangu mtoto. Mama mmoja, jirani wa nyumba ya pili, aliye na wajukuu wenye matumbo mabovu, alishusha ndoo yake na kumjibu kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa.

"Stamili, mwanangu, tumesikia redioni tangu juzi. Sampuli imepokewa, imeonekana ni maji ya kunywa. Gazeti limetoa na picha ya kidole." Akainama, akaizamisha ndoo. "Na si mama yako mwenyewe aliyekitia?"